Usishushe Koroboi kwa Shimo la Gesi

Nyinyi wenye hoteli mlioacha kuni, someni hii kabla hamjafungua shimo lenu.

Mimi napika kwa hoteli ya Suleman hapa Kehancha. Zamani tulichoma kuni mpaka chapati ikanuka moshi. Suleman akasema hataki tena kumaliza miti na kuchafua hewa, akajengewa shimo la bayogesi. Mavi ya ng'ombe yanaoza humo, gesi inakuja jikoni kwa mpira. Ni kitu kizuri, sikatai. Aliyejenga alituonya: moto usikaribie shimo. Lakini alituambia sisi wapishi tu.

Wiki jana moto ukawa mdogo kama wa mshumaa. Shimo limeziba. Suleman akamwita mtoto wangu Joash, fundi wa visima. Wachimba visima wa huku, kabla ya kuingia, hushusha koroboi inayowaka. Ikizimika, hewa hakuna, hawaingii.

Nilitoka kumwaga maji ya viazi nikamkuta amefungua kifuniko, kamba kiunoni, koroboi mkononi, anatoa kijiti cha kiberiti.

"Joash! Wacha!"

"Mama, rudi kwa sufuria zako. Hii ni kazi yangu."

Nikammwagia karai lote. Kiberiti, koroboi na yeye mwenyewe, vyote vikalowa. Watu walicheka sana.

"Umeniaibisha! Haya, naingia bila taa."

Nikaishika ile kamba. "Huingii. Shusha kuku kwanza."

"Kuku ndiye atazibua?"

Suleman akasema, "Mpe mama kuku wake tumalize, wateja wanangoja chai."

Tukamshusha na kikapu. Alipiga mabawa mara mbili, tatu, kisha kimya. Tulipomvuta juu, shingo ilikuwa imelala.

Hakuna aliyecheka. Joash alijaribu kufungua kamba, vidole vikashindwa na fundo. Nikamfungulia mimi, vile nilikuwa namfungulia viatu vya shule.

Yule aliyejenga alipigiwa simu, akaja. Alikoroga kwa mti mrefu akiwa juu, akatoa nyasi. Hakuna mtu aliyeingia.

Punguzeni moshi, lakini mwonyeni kila mtu atakayegusa hicho kifuniko, hata fundi wa visima. Gesi yetu imerudi. Lakini mimi kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, nauliza kwanza Joash yuko wapi.