Mkaguzi Kwenye Matanga

Mume wangu Hénock alianguka Jumanne, tarehe 4 Julai 2017, saa nne asubuhi, getini kwetu hapa Yeoville, Johannesburg. Upepo wa usiku ulikuwa umeling'oa tangazo la ombi letu, ile karatasi ya njano ambayo sheria inataka ikae getini ili jirani mwenye neno alitoe, naye alitoka kulifunga upya kwa waya. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi kola. Kimya kilipozidi nikatoka. Nilimkuta amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye geti, koleo mkononi. Hospitalini walisema ni moyo. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Tangazo alikuwa ameshalifunga, tena vizuri.

Tuliomba mambo mawili. La kwanza, nyumba yetu, ambayo kwenye ramani ya jiji ni ya kuishi tu, iruhusiwe kuwa na karakana ya kushona yenye mashine nne. La pili, kichochoro kilicho kati yetu na nyumba ya pili, kilichofungwa miaka mingi na kuachiwa magugu na friji mbovu, kiunganishwe na kiwanja chetu ili wateja wapate pa kusubiri. Mwaka mmoja kabla ya hapo mashine zetu tatu zilichukuliwa na askari wa jiji kwa sababu hatukuwa na karatasi ya biashara. Hénock aliapa kwamba hatutashona tena kwa kujificha kama wezi. Alijaza fomu miezi mitano. Kamati ya mipango ya mitaa yetu, watu saba, ndiyo ingeamua. Ikikataa, mashine zinatoka ndani ya nyumba, na mimi na binti yangu Glody tunabaki na kuta.

Jumatano matanga yalianza. Anayetoka kwetu Uvira, Kongo, anajua yanavyokuwa. Godoro linatandikwa chini sebuleni, mjane anakaa hapo na wanawake, hatoki nje, haongei na wageni. Wanaume wanakaa nje kwenye viti vya plastiki. Mkubwa wa marehemu ndiye anayepokea watu. Kwetu mkubwa ni Papa Marcellin, kaka yake Hénock, anayeishi Berea. Viti vilijaa uwanja vikamwagika hadi barabarani. Hema halikuwa na mahali pa kukaa, basi vijana wa kanisa wakafyeka magugu, wakazitoa friji, wakalisimamisha kwenye kichochoro.

Halafu wakaja mafundi. Hénock alikuwa mweka hazina wa chama cha mafundi cherehani, na fundi akifa, wenzake wanawashonea watu wake nguo za mazishi bila malipo. Mama Jeanne, rafiki yangu tangu tulipofika Johannesburg, alienda maduka ya vitambaa ya Fordsburg akarudi na majora ya kitenge cha rangi moja. Kila fundi alibeba mashine yake. Ilipofika Alhamisi, kwenye karakana na barazani palikuwa na mashine kumi na moja zinakimbia pamoja, huku kwaya inaimba. Nilizisikiliza kutoka kwenye godoro. Nilijiambia kwamba Hénock angefurahi, halafu angelalamika kuhusu umeme.

Alhamisi hiyo hiyo mkaguzi wa kamati alikuja kuangalia nyumba.

Mimi sikumwona. Niliyoandika hapa alinisimulia Papa Marcellin mwenyewe baadaye, kwa uchungu, akijitetea kabla sijamlaumu. Alikuja mtu mmoja amevaa koti zuri, ana faili. Papa Marcellin alidhani ni mteja wa zamani wa marehemu. Akampa kiti, akamwagiza chai na mandazi.

"Hukumwambia kuna msiba?" nilimuuliza.

"Mama Glody, mtu anaingia kwenye matanga, anaona picha ya marehemu na mshumaa, anaona watu wanalia. Nimwambie nini? Nimpe habari kwamba kuna mtu amekufa? Hiyo si heshima."

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama watu huwa hivi. Nikasema hivi, tangu jana, mchana na usiku. Aliuliza kama wataongezeka. Nikasema Jumamosi watakuwa mara tatu. Nilitaka ajue kwamba Hénock alikuwa mtu wa watu."

"Na kichochoro?"

Papa Marcellin aliitazama mikono yake. "Aliuliza hema ni la nani. Nikasema ni letu, na mahali ni petu, akae bila wasiwasi."

Tulimzika Hénock Jumamosi. Ripoti ilifika wiki mbili baadaye. Mama Jeanne aliisoma kwa sauti, nami nikamwomba aisome tena, maana mara ya kwanza sikuamini. Karakana ilikutwa na mashine kumi na moja badala ya nne zilizoombwa. Wateja sitini na wawili. Viti vinaziba njia ya waenda kwa miguu. Muziki wa sauti ya juu. Chakula kinatolewa. Kichochoro kimeshavamiwa na kujengwa hema kabla ya kibali. Msimamizi wa biashara, mwanamume mzee, alikiri kwamba shughuli huendelea mchana na usiku na kwamba idadi ya wateja huongezeka mara tatu mwisho wa juma. Pendekezo: ombi likataliwe.

"Angalau kaandika kwamba msimamizi alikuwa mkarimu," Mama Jeanne alisema. "Iko hapa chini."

Sikucheka. Nilianza kutafuta daftari la wageni.

Kwenye matanga yetu kulikuwa na daftari mezani, kila aliyefika aliandika jina na sahihi, ili familia ijue baadaye ni nani walikuja. Papa Marcellin alimpa kila mtu kalamu. Ukurasa wa tano, Alhamisi tarehe 6 Julai, kati ya jina la mchungaji na jina la mwanamke auzaye mboga Rockey Street, palikuwa na jina la mkaguzi, sahihi yake, na namba ya ofisi yake. Kwenye nafasi ya neno kwa familia alikuwa ameandika "asante kwa chai".

Kamati ilikaa tarehe 27 Julai kwenye ukumbi wa chini wa ofisi za jiji. Nilikwenda na Mama Jeanne. Kiingereza changu kinatosha kununua na kuuza, lakini siku hiyo nilikifanyia mazoezi njia nzima. Karani aliita jina la mwombaji. Aliita mara ya pili.

"Amefariki," nilisema. "Mimi ni mke wake."

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Alisema pole. Halafu akamgeukia karani. "Tuna barua ya kubadilisha mwombaji?"

"Hatuna."

"Nimeleta cheti cha kifo," nilisema.

"Cheti kinaonyesha kwamba hayupo," karani alisema. "Hakionyeshi ni nani yupo badala yake."

Mama Jeanne alininong'oneza, "Muulize kama anataka marehemu aandike mwenyewe." Nilimkanyaga mguu. Walizungumza wao kwa wao dakika kumi, wakakubali kwamba naweza kusikilizwa, maana ombi linafuata kiwanja, halimfuati mtu, na kiwanja kilikuwa na majina yetu mawili.

Mkaguzi alisoma ripoti yake. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, na hakuwa mtu mbaya, jambo lililonichosha zaidi. Nilipopewa nafasi nilisimama, nikaeleza. Watu wale si wateja. Mashine saba ni za wenzetu, zilikuja kushona nguo za mazishi, zimesharudi kwao. Muziki ni nyimbo za kanisa. Mzee si msimamizi wa biashara, ni kaka wa marehemu. Picha yenye mshumaa ilikuwa ya mwombaji.

"Una ushahidi kwamba ulikuwa msiba?" mjumbe mmoja aliuliza.

Nikaweka daftari mezani, nimelifungua ukurasa wa tano. Mkaguzi aliinama akasoma. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Hii ni sahihi yangu," alisema. "Nilidhani ni daftari la wateja."

"Na ile picha?" mwenyekiti alimuuliza.

"Nilidhani ndiye mwenye biashara."

"Ndiye," nilisema.

Mjumbe mmoja alikohoa ili asicheke. Nilidhani tumemaliza. Lakini mwenyekiti alilifunga daftari, akalisukuma taratibu kwangu.

"Mama, binafsi nakuamini. Lakini nyaraka za ushahidi huletwa siku kumi na nne kabla ya kikao. Hili siwezi kulipokea leo."

"Ripoti yenyewe niliipata siku sita zilizopita."

"Naelewa. Ndiyo maana hatukatai. Tunaahirisha." Aliandika. "Mkaguzi atarudi mwezi wa Agosti, kati ya tarehe moja na thelathini na moja, bila kutoa taarifa. Tunataka kuiona nyumba katika hali yake ya kawaida. Mashine nne, njia iko wazi, kichochoro hakijaguswa. Akikuta mkusanyiko mwingine, mama, mikono yetu itakuwa imefungwa."

Hali ya kawaida ya nyumba ile ilikuwa Hénock kwenye mashine ya dirishani, akibishana na redio. Badala ya kusema hivyo, niliuliza kama friji mbovu tuzirudishe kichochoroni. Karani alifikiri kwa dhati kabisa, akasema haitakuwa lazima.

Kwenye taksi ya kurudi Mama Jeanne alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Mama Glody. Arobaini ni lini?"

Siku ya arobaini ilikuwa Jumamosi tarehe 12 Agosti. Siku hiyo ndiyo ya kuanua matanga. Watu wote wanarudi, wanapika, wanaimba, na mjane anavuliwa nguo nyeusi na kuvishwa nguo mpya mbele ya watu. Mpaka hapo yeye bado ni mtu wa msiba. Haendi harusini, hakai kwenye sherehe ya mtu.

Jumatatu, tarehe 31 Julai, nilimpigia karani simu. Nilimweleza taratibu, nikamwomba mkaguzi aje siku yoyote isipokuwa tarehe 12.

"Nikikuambia siku ambayo haji, nimekuambia siku anazokuja," alisema.

"Ni Jumamosi. Mnafanya kazi Jumamosi?"

"Biashara za majumbani tunazikagua hasa Jumamosi. Ndiyo siku wateja hujaa."

"Basi andika kwenye faili kwamba siku hiyo kuna ibada ya msiba."

"Kwenye faili inaingia barua tu, mama, na barua huletwa siku kumi na nne kabla." Alihesabu. "Leo zimebaki kumi na mbili."

Papa Marcellin alikuja Jumapili iliyofuata na orodha: mbuzi wawili, viti mia, hema. Nilimwambia Agosti hatutafanya nyumbani.

"Tutafanya wapi? Kwenye robot, pale njia panda, taa za magari zikiwa nyekundu?"

"Kanisani kuna ukumbi."

"Matanga yanaanuliwa pale yalipokaa. Godoro lilikuwa sebuleni kwake, si kanisani." Alivua kofia, akaivaa tena. "Eish, Mama Glody. Nimeishi nchi hii miaka kumi na tisa. Nimeomba kibali cha kukaa, cha kufanya kazi, cha kufungua duka. Cha kumaliza kulia sijawahi kuomba."

"Shemeji, akikuta hema, ombi limekwisha. Miezi mitano ya Hénock imekwisha."

"Na wakikupa hiyo karatasi, atarudi?"

"Hapana. Na mkila mbuzi, atarudi?"

Mama Jeanne aliinuka akaenda jikoni, ingawa hakukuwa na kitu motoni. Papa Marcellin aliilaza orodha magotini. Nilijua anachokionea aibu: chai, mandazi, yale majibu yake mazuri. Kama angesema, ningemwambia kwamba na mimi, ningekuwa nje, ningempa yule kijana kiti. Hakusema. Nami nilikuwa nimechoka, sikumsaidia. Aliikunja orodha, akasema niwajulishe wakubwa wa nyumbani Uvira mimi mwenyewe kwamba arobaini imeahirishwa, yeye hana uso wa kuwaambia.

Niliwajulisha. Mama mkwe alikata simu.

Tarehe 12 Agosti mashine nne zilishona. Njia ilikuwa wazi, kichochoro kitupu. Kila mlio wa geti nilisimama. Alikuja mteja wa sare za shule, akaja mtu wa kusoma mita ya maji. Jioni Glody aliniuliza kwa Kiingereza kama leo ndiyo ile siku. Nikasema ndiyo, imeahirishwa. Alilijua neno hilo. Alikuwa amelisikia nyumbani wiki mbili nzima.

Agosti iliisha bila mkaguzi. Nilipiga simu. Karani alisema yuko likizo, na muda wa ukaguzi umesogezwa hadi mwisho wa Oktoba kwa masharti yale yale.

"Hali ya kawaida," nilisema.

"Hali ya kawaida, mama."

Kazi imepungua. Mabibi harusi hawapendi kupimwa na mjane mwenye nguo nyeusi, wanaona ni nuksi, na siwalaumu, hata mimi nisingependa. Mama Jeanne anakuja kunipimia kiuno na mabega ya watu, kisha anarudi kwake. Naomba ruhusa ya biashara, na ombi lenyewe ndilo linaloikausha biashara. Papa Marcellin akija hunisalimu getini, anaulizia shule ya Glody, haingii ndani. Nguo nyeusi nina mbili. Nafua moja, navaa moja.

Leo ni Jumapili, tarehe 10 Septemba, siku ya sitini na tisa. Mkaguzi hajaja. Kesho nafungua saa mbili asubuhi, nimevaa nyeusi.