Albamu Ambayo Sever Hakuisikia

Mume wangu, Sever, aligonga chuma miaka thelathini na minane kwenye karakana ya meli hapa mjini Brăila, na kila akirudi nyumbani alichotaka ni muziki. Wala si wa aina moja. Kwaya za kanisani, jazi, fidla za arusi za kijijini kwao, roki ya makelele ya ujana wetu, vyote vilimwingia. Albamu alizozipenda kwa wakati ule alizisimamisha juu ya kabati la vyombo, tano au sita, na mgeni hakupata kahawa kabla hajasimuliwa habari zake.

"Wewe mwanamume huna msimamo," nilimtania. "Asubuhi mtawa, mchana mlevi."

"Na jioni mume wako. Vumilia."

Mimi muziki ulinipita tu. Nilipika huku ukilia.

Alipostaafu masikio yakaanza kumwishia. Daktari alisema ni zile nyundo, dawa hakuna, vifaa vya masikioni vitamsaidia kwa muda. Vilimsaidia miaka miwili. Machi mwaka jana nikamwona anainuka kitini, anaongeza sauti, anaongeza tena. Jirani yetu, Lucreția, akagonga ukuta. Sever hakugeuka. Nikaenda nikamshika bega.

"Imeisha?" akaniuliza.

Vikombe vilikuwa vinatikisika kabatini.

Tangu siku hiyo mimi nikawa naandika kwenye daftari, au anasoma midomo yangu. Siku tatu aligusagusa chakula tu. Ya nne akaniita.

"Otilia, weka ile ya tarumbeta. Uwe unaniambia imefika wapi."

Nikaweka, nikakaa mbele yake. Nilipoandika "ngoma peke yake", akafumba macho, kidole kikagonga goti, na kilikwenda sawasawa na ngoma. Mara nyingine alinigombeza.

"Tarumbeta gani hapo, Otilia! Hiyo klarineti. Miaka arobaini na mimi, bado tu?"

Albamu zake zote tulizipitia hivyo, na nakiri kwamba mimi ndiye niliyekuwa nazisikia kwa mara ya kwanza.

Binti yetu, Ruxandra, anatunza wazee huko Uhispania. Hatukumwambia. Sever alikataa kabisa. Alisema mtoto yuko peke yake, asiongezewe mzigo. Akipiga simu, nilikuwa nasema baba katoka. Basi Novemba, siku ya kuzaliwa baba yake, akamtumia santuri mpya. Sever akaichana karatasi, akasoma maandishi yote ya nyuma, hadi majina ya wapigaji, akanipa niiweke.

Nikaandika: mwanamke anaimba, na gitaa.

"Sauti yake ikoje?"

Nikaandika: nzito kidogo.

"Nzito kama ya nani?"

Sikujua. Nikaandika "nzuri", nikaifuta. Nikaandika "kama mtu aliyetoka kulia". Sever alisubiri, kidole juu ya goti, na kidole hakikwenda. Nikaandika tena na tena mpaka upande mmoja wa santuri ukaisha. Nilipoinua macho alikuwa analia, mkono mdomoni.

"Basi, Otilia. Hii siijui. Sitaijua."

Nikazima. Nikaenda jikoni kupasha sarmale za jana, nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi. Simu ikaita.

"Baba ameipenda?" Ruxandra akauliza.

"Ameipenda sana."

"Nipe niongee naye."

"Amelala, mwanangu."

"Saa kumi jioni? Mama, baba ana nini?"

Sever alikuwa ananitazama midomo. Akatikisa kichwa, nisiseme. Nikasema. Nilimweleza yote, tangu Machi, na Ruxandra akaangua kilio hata nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Analia?" Sever akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaibana sikioni kama mtu anayesikia.

"Ruxi, mama, ni mimi. Santuri yako imefika. Jalada lake zuri sana." Akanyamaza kidogo, kumpa nafasi ya kujibu. "Unakula lakini? Huko baridi imeanza?" Akanyamaza tena.

Alizungumza naye hivyo karibu nusu saa, na mimi sikumwambia kwamba mtoto alishindwa kutamka hata neno moja.