Ua la Mpaka Lililozaliwa Chupani

Haya niliambiwa na Marcella wa Kibirichia, juzi tukimenya viazi vya harusi, na alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Kati ya shamba lake na la jirani yake Kaburu, wazee wa zamani walipanda mstari wa maua ya mpaka, yale meupe yenye michirizi ya waridi, yanayoota kwa kitunguu chake chini ya udongo. Hayang'olewi; anayeng'oa anajitafutia laana. Sasa mvua ikazidi, vitunguu vikaoza ardhini, likabaki ua moja tu. Na Kaburu, jembe lake lilikuwa limeshaanza kuinamia upande wa Marcella, maana ni mjane.

Marcella akampigia bintiye Gatwiri, anayekuza mimea kwenye maabara kule Embu. Gatwiri akaja.

"Hatung'oi kitu, mama. Nitakata bua la ua peke yake, kabla halijachanua."

Kaburu alisimama akitazama kisu kikipita. "Mama Gatwiri, kumbe mtoto ulimsomesha aje kupika maua kama jamu?"

"Ngoja utaonja, Baba Mutwiri," Marcella akamjibu.

Huko Embu, Gatwiri aliliosha bua kwa dawa, akalikata vipande vyembamba, akavilaza ndani ya chupa juu ya uji mtamu ulioganda. Chupa nyingi zikaota ukungu, zikamwagwa. Na huku nyumbani kitunguu cha lile ua la mwisho nacho kikaoza. Kaburu akapanda viazi mpaka juu ya mstari wenyewe. Marcella akawa anaiogopa simu yake mwenyewe, isije ikaleta habari mbaya kutoka Embu.

Siku moja ikalia. "Mama! Kipande kimoja kimetoa jino la kijani!"

Jino likawa kitunguu, kitunguu kikagawanywa, vikazaana mpaka rafu ikajaa. Gatwiri akavizoeza udongo na upepo, kisha akavileta. Marcella akaita wazee.

"Mpaka haupandwi kwa ua la kununua," Kaburu akasema.

"Hili limetoka kwa bua nililokata ukinitazama, baba. Halina mama mwingine."

Mzee Mbogo akafukua kwa fimbo. Maganda ya vitunguu vya zamani yalikuwa bado chini, yamejipanga sawasawa, katikati ya viazi vya Kaburu.

"Viazi vyangu jamani!"

"Vuna tu, Baba Mutwiri," Marcella akasema. "Halafu urudi kwako."

Wazee wakacheka mpaka Kaburu mwenyewe akacheka. Akapiga magoti, wakapanda pamoja, yeye upande wake, Marcella wake.

Yalipochanua, mstari mzima ulikuwa mweupe. Wanawake wakapiga vigelegele, Gatwiri akabebwa juu juu kama bibi harusi. Jioni wageni wakaenda, Gatwiri akalala na viatu miguuni. Marcella akamvua, akachungulia dirishani mara moja tena, akaona maua bado yapo. Ndipo akajifunika blanketi, akalala fofofo.