Wimbi Lililobisha Hodi

Saa tatu asubuhi fundi wa vipimo alivaa koti jeupe, akafunika nywele, akaiweka transista, kile kiswichi cha umeme, chini ya hadubini. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba unywele ukiulaza kando yake ungedhani ni barabara kuu. Ndani yake elektroni zilikwenda kwa wimbi, kama maji ya karai: zikifika ukingoni zinarudi, zikirudi zinafifia. Mwaka wa pili huo. Maabara nzima ilitaka wimbi likue, litoe mionzi ya terahezi, ile inayopenya nguo na karatasi.

Fundi akatega sikio. Wimbi lilikuwa linabisha hodi.

"Karibu," akaitika, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Likaingia. Likabisha ukingo wa pili, huko akalinyamazia. Likarudi kwake limenuna, limenenepa. Akalikaribisha tena. Kufikia saa nne mionzi ilikuwa inatoka.

"Kumbe miaka miwili tunabishiwa hodi hatuitiki?" akasema Mkuu wa maabara.

"Ungejuaje, Mkuu? Hata ofisini kwangu wewe huingia bila kubisha."

Mkuu akacheka. Akajaribu mwenyewe: "Karibu!" Wimbi likalala fofofo.

"Jina langu mtaliandika?" fundi akauliza.

"La kwanza kabisa, dada. Litasomwa siku ya maonyesho."

Siku ya maonyesho fundi aliwekewa kiti nyuma ya pazia zito, pamoja na kikombe cha chai. Mkuu akasoma majina ya wavumbuzi: lake mwenyewe, na la shemeji yake, ambaye maabara alikuwa akiijua kwa mlango wa jikoni tu.

"Mkuu, na mimi?" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nafasi ilikuwa finyu, dada. Endelea."

"Finyu, na shemeji kaenea na kitambi chote kile!"

Wageni wakacheka, shemeji pia. Wimbi likabisha. Fundi akafikiri kidogo, kisha akaitika; kosa halikuwa la wimbi.

Mionzi ikapita kwenye pazia kama hakuna kitu. Kwenye skrini akatokea mwanamke, miguu kaikunja nne, kikombe mkononi, mdomo wazi kwenye "karibu".

"Picha safi sana," wageni wakasema, wakampigia Mkuu makofi.

Fundi akaomba nakala moja ampelekee mama yake. Mama akaitundika sebuleni, kwa kuwa mwanawe alikuwa ametoka vizuri kweli. Chini yake pamechapwa: Mkuu wa Maabara na Shemeji Yake.