Sauti ya Mugenzi

Filamu yenyewe ilikuwa mbovu, tusifichane. Damu ilikuwa sosi ya nyanya, bunduki ilikuwa pampu ya baiskeli, na jambazi, aliyeigizwa na Mugenzi, alikufa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alipiga chafya. Ndiyo maana ikapata nafasi kwenye tamasha la filamu takataka, lile linalozunguka mji hadi mji likionyesha filamu fupi za bei chee, watu wacheke hadi mbavu ziume. Kigali waandaaji wakalikodia gereji tupu kule Gikondo, Jumamosi mchana, viti vya plastiki.

Flaviana, mjane wa Mugenzi, hakwenda kucheka. Tangu amzike mumewe moyo ulikuwa umekufa ganzi. Hakulia kaburini, hakulia nyumbani, na mawifi walishaanza kumsema. Tumaini lake lilikuwa moja tu: akimsikia Mugenzi akiongea tena, huenda kitu kikafunguka. Na sauti hiyo haikubaki popote ila kwenye flashi yenye ile filamu. Kuisikiliza peke yake chumbani aliogopa. Bora penye watu.

Basi akampelekea flashi Sharif, Mtanzania mwenye kibanda cha video, ambaye tamasha lilimpa kazi ya kuandaa filamu. Kazi ya Sharif ni kutafsiri: anafuta sauti za Wahindi na Wachina, anaingiza yake. Flaviana alilijua hilo. Lakini filamu ya Mugenzi ilikuwa ya Kiswahili tayari, ya kutafsiriwa nini jamani?

Taa zikazimwa. Mugenzi akatokea ukutani, mwembamba, na kofia ya kuazima. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya Sharif.

"Oyaa! Mimi ndiye baba lao wa Gikondo! Nani ana njaa ya risasi?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. "Iko muzuri sana!" alipiga kelele mama aliyekaa kando ya Flaviana, akimpiga begani. Flaviana alingoja hadi mwisho, labda Sharif kasahau neno moja. Wapi! Hakusahau hata chafya.

Filamu ikashinda. Flaviana akapewa zawadi, ndoo ya taka iliyopakwa rangi ya dhahabu, akasema asante, akapigwa picha. Hakuona uchungu wala aibu. Akamfuata Sharif nyuma ya spika.

"Naomba ile ya mwanzo. Yenye sauti yake."

Sharif akaacha kukunja waya. "Dada, ndiyo hiyo hiyo. Mimi narekodi juu yake humo humo kwenye flashi, sauti ya chini inafutika. Nilidhani unayo nyingine nyumbani."

"Sina."

"Mungu wangu." Akajifuta uso. Hakuwa mtu mbaya, masikini. "Basi niambie alikuwa anasemaje, nirekodi upya. Neno kwa neno."

Maneno Flaviana aliyajua yote. Akaanza na la kwanza: "Fungueni mlango, nimechoka kusimama."

Sharif akalisema, polepole, kwa heshima.

"Hapana," akasema Flaviana. "Yeye hakusema hivyo."

"Alisemaje? Kwa sauti nzito? Ya puani? Nionyeshe tu, dada, nitamuiga."

Flaviana akafungua mdomo amwonyeshe. Akatafuta. Sauti iliyokuwa inamjia kichwani ilikuwa ya Sharif.

"Acha tu," akasema. "Ilikuwa hivyo hivyo."