Wavu wa Mlango wa Nyuma

Mke wa mwalimu mstaafu hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Juzi alirudi kutoka sokoni akaukuta wavu wa mlango wa nyuma umepasuliwa kutoka usawa wa kiuno hadi chini, na mumewe ameketi uani, suruali imevutika nyuzi, akishikilia kwamba hakuona mtu. Mlango wa mbele mama aliufunga mwenyewe na ufunguo akaondoka nao. Basi aliyepasua wavu alitaka kuingia, na aliyetangulia kurudi siku hiyo alikuwa mmoja tu: mwana wa shemeji yake, kijana wa kiwandani waliyemkaribisha chumba cha uani.

Jana alimpekua, akakikuta kisu chake cha jikoni chini ya godoro.

"Mbona kisu changu kinalala kwako?"

Kijana alimtazama baba yake mkubwa, kisha akainamisha kichwa. "Nilikiweka tu, Mama mkubwa."

"Ulikiweka! Kwani kilikuwa na usingizi?"

Hakuwa na la kuuliza zaidi. Wavu ukishabadilishwa, huyo ataondoka. Begi lake lilikwisha kutolewa kibarazani.

Seremala alifika na mabunda mawili ya wavu. "Huu wa plastiki ni laini, hauchomi mkono. Huu wa waya ni mgumu, mama."

"Wa waya. Nataka panya akiuota tu, meno yamng'oke."

"Unafunga mlango au gereza?"

"Inategemea nani yumo ndani," alijibu, akimkata jicho kijana.

Seremala alianza kung'oa vibao vyembamba vilivyoubana wavu. Mama, asiyemwamini fundi yeyote akiwa peke yake, alisimama nje karibu naye akapitisha kidole penye mpasuko. Ncha zikamchoma. Akaingia ndani, akapapasa upande wa pili: laini kabisa. Akarudia. Nyuzi zote zilikuwa zimesukumwa kuelekea nje.

Aliyekata alikuwa ndani. Na ndani, siku ile, alimwacha mtu mmoja.

Akiwa humo ndani, aliirudishia kulabu ya mlango kwenye pete yake, akaita kwa sauti ya kawaida, "Mzee, hebu nifungulie hapa."

Mumewe alikuja akitabasamu. Aliishika kulabu, akaivuta kwake. Akausukuma mlango kwa bega. Akaivuta tena, huku tabasamu likimtoka kidogo kidogo, wala hata mara moja hakuiinua. Mwisho aligeukia meza ya jikoni, akapapasa juu yake.

"Mama watoto," alisema taratibu, "kisu kiko wapi?"

Huko nje kijana alijifuta uso kwa kiganja. "Baba mkubwa aliniapisha nisikwambie, Mama mkubwa. Aliona haya. Nikaona bora nikifiche, asije akajikata."

Mama alimshika mumewe mkono, wakaiinua kulabu pamoja. Mlango ukafunguka.

"Fundi, ng'oa kulabu hii. Weka kitu cha kusukuma tu, mtu atoke. Na wavu uwe ule laini."

"Si ulitaka gereza, mama?"

Mama aligeukia kibarazani. Alilibeba begi la kijana mwenyewe, akakataa kupokewa, akalirudisha chumbani. Kisha akakifuata kisu jikoni alikokifungia kabatini, akakiweka palepale alipokitoa, chini ya godoro.