Silabi Nne

Mwalimu wa hesabu na mkewe walifundisha shule moja, lakini ungedhani ni nchi mbili. Mume alishika madarasa ya juu, watoto waliokwisha kubalehe, na alipokatiza uwanjani hata walimu wenzake walijikuta wameshusha sauti. Mkewe alishika darasa la kwanza, na kelele za chumba chake zilisikika hadi barabarani. Watu walishangaa mafuta na maji hayo yalivyokaa chupa moja. Wenyewe hawakushangaa. Jioni mke alikuwa akikata maboksi na kuyaandika silabi kwa wino mzito, mume akisahihisha madaftari upande wa pili wa meza, na mara mojamoja mume angemtupia neno.

"Kazi mbaya si mchezo mwema, mama."

Naye angejibu bila kuinua kichwa, "Wako wanakuogopa, wangu wanasoma. Nani anacheza hapo?"

Likizo ya katikati ya mwaka, mkewe alilalamika kuumwa kichwa siku ya Jumapili. Jumatano akazikwa.

Msibani mwalimu alifanya yote yaliyopaswa kufanywa. Alipokea wageni, alionyesha viti viwekwe wapi, alikumbuka hata kuwapa maji waliochimba kaburi. Watu wakasema, yule bwana ana moyo wa chuma. Hakuwa nao. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaugusa, haukujibu. Kila aliyemwambia "Pole sana," alimjibu kama kila mtu anavyojibu, "Nimeshapoa," na safari hiyo neno lenyewe lilikuwa la kweli kuliko msikilizaji alivyodhani.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Mwalimu, nakuomba kitu ambacho sina haki ya kukuomba. Darasa la kwanza halina mtu. Wataniletea mwalimu mpya mwakani, tena Mungu akipenda. Wengine nimewauliza, wanakiogopa kile chumba."

"Wanaogopa nini?"

"Vitu vyake. Kadi, vifuniko vya soda, ndoo. Hakuna anayejua vinatumikaje. Wewe angalau umeviona vikitengenezwa."

"Nimeviona. Kutumika, sijui."

"Utajua."

Akasema sawa. Siku hizo alisema sawa kwa kila kitu. Dada yake, aliyekuja kukaa naye asiachwe peke yake na kuta, akimuuliza ale wali au viazi, jibu lilikuwa sawa, na dada akabaki na mwiko hewani hajui apike nini.

Chumba alikikuta kama kilivyoachwa. Kadi zilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, zimebanwa na vibanio vya nguo. Pembeni palikuwa na meza yenye paketi tupu za sabuni, chumvi, majani ya chai na viberiti. Watoto walisimama wote, wakamsalimia kwa kupiga kofi kila silabi: shi-ka-mo-o-mwa-li-mu. Akasema marahaba, akawageuzia mgongo, akaandika ubaoni ba be bi bo bu.

"Rudieni."

Wakarudia kama watu wanaosukuma gari bovu. Akawaambia warudie tena. Mara ya tatu, mkono ukanyooka dawati la mbele. Ulikuwa wa msichana mdogo mwenye sweta lililomfunika hadi vidole, aliyeongea kama mtu mwenye wajukuu, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Kibibi.

"Mwalimu, hapo huwa tunaruka."

"Mnaruka wapi?"

"Sakafuni. Unachora vyumba, unaandika silabi, halafu unasema neno. Tunaruka mpaka neno liishe. Ukikanyaga silabi isiyo yako, umetumbukia mtoni."

"Na mamba anakula mguu thatha hivi!" akadakia jirani yake, mvulana aliyeng'oka meno yote ya mbele, na aliyeitwa Mapengo.

Basi akachora. Walimwonyesha mmoja baada ya mwingine, kwa subira, kama mgeni anayeonyeshwa choo kilipo. Ndoo ilikuwa bahari: ndani mna samaki wa karatasi, kila mmoja na pini kichwani, na ndoana ilikuwa kipande cha sumaku kilichotolewa kwenye redio mbovu. Ukivua samaki unamsoma; ukishindwa, unamrudisha akakue. Meza ya paketi ilikuwa duka. Asiyeweza kusoma sabuni hapewi sabuni. Wakamtaka naye aruke. Akaruka: ka, la, mu. Tai ilimpiga kidevuni, viatu vilivyong'arishwa vikatoa mlio kwenye saruji, na walimu wawili waliokuwa wakipita dirishani wakaondoka haraka bila kucheka. Mwenyewe hakuona aibu wala raha. Aliruka kama mtu apandavyo ngazi, kwa kuwa zipo na lazima afike juu.

Hivyo ndivyo wiki zilivyokwenda. Aliwahi, alichora, aliruka, alitoa samaki ndoanani. Jioni alikaa upande wake wa meza, na ule wa pili dada yake alikunja nguo.

Lakini mtu wa hesabu ni mtu wa hesabu, hata akiwa ganzi. Aliona kwamba watoto wale wanakwenda mbio kuliko kawaida. Kengele ya mapumziko ikilia hawatoki. Wanabaki wameizunguka ndoo, wanasukumana, wanasoma. Kibibi alikuwa akija na vipande vya magazeti yaliyofungiwa vitumbua na misumari, anavisoma chini ya dawati huku midomo ikimcheza. Hata Mapengo, ambaye mwanzoni hakutofautisha sa na ta, alikuwa ameanza kusoma maneno ya silabi tatu, ingawa yalitoka yamelowa mate.

Siku moja akawauliza. "Mbona hamwendi kucheza?"

"Tunakazana," akasema Kibibi.

"Mnakazana kwenda wapi?"

Kibibi akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Tumfikie mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Mwalimu wetu. Siku ya kufungua shule mwalimu mkuu alituambia mstarini, mwalimu wenu mpendwa ametangulia. Na asiyejua kusoma hapandi darasa la pili, anarudia."

"Mimi thirudii," akasema Mapengo.

"Nani aliwaambia yuko darasa la pili?"

"Ametangulia," akasema Kibibi, taratibu, kama anayemfundisha mdogo wake. "Sisi tuko la kwanza. Sasa angetangulia wapi kwingine?"

Mwalimu akageuza shingo. Kupitia mlangoni aliliona darasa la pili, ng'ambo ya uwanja, madirisha yake yamepakwa rangi hadi nusu ili watoto wasichungulie nje, na walio nje wasione ndani. Alikumbuka kwamba neno hilo amelitumia yeye mwenyewe. Kwenye simu, kwa ndugu wa mbali: ametangulia. Kwa majirani: ametutoka. Kwa mkwewe, mama wa marehemu: hatunaye. Maneno yale karibu yote yalikuwa na miguu; ndani yake mkewe alikuwa akienda mahali. Lile la wazi, lisilokwenda popote, hakuwahi kulitia mdomoni.

Akaenda ofisini. Mwalimu mkuu alimsikiliza huku akifuta miwani.

"Waache, mwalimu. Ni watoto wadogo. Watasahau."

"Hawasahau. Wanasoma."

"Kuna ubaya gani wakisoma?"

"Wakifika huko watamtafuta."

Mama yule akaivaa miwani. Kisha akasema wangoje kikao cha wazazi, jambo zito halibebwi na mtu mmoja. Mwalimu akasema sawa, akatoka.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya darasa, akafungua kinywa, na neno likakataa. Si kwamba alikuwa na uchungu. Lilikuwa halipo tu, kama ufunguo unaousaka mfuko huu na huu. Watoto walimngoja. Mwishowe akafanya kile walichokuwa wamemfundisha. Alichukua chaki, akaandika silabi moja moja, akiziachia nafasi. A. Me. Ku. Fa.

"Someni."

Wakadhani ni neno jipya la siku. Wakapiga makofi, a, me, ku, fa, kwanza polepole, halafu kwa pamoja, na waliolipata mapema wakalipaza kwa furaha, "Amekufa! Amekufa!" Mapengo akasimama juu ya kiti.

"Nani?" akauliza mmoja kutoka nyuma. "Kuku?"

Mwalimu akaandika mbele ya neno lile: mwa, li, mu. Darasa likacheka.

"Mwalimu, thi wewe upo hapo!"

Ikabidi aongeze katikati. We. Tu. Kicheko kikakatika vipande vipande. Wengine walikuwa bado hawajafika mwisho wa mstari, midomo yao ikitembea. Kibibi aliusoma peke yake, kidole hewani, bila makofi.

"Mwalimu wetu amekufa."

"Ndiyo."

"Si ametangulia?"

"Ni hilo hilo. Ametangulia ni neno la adabu. Maana yake ndiyo hiyo ya ubaoni."

"Kwa hiyo hayuko darasa la pili?"

"Hayupo. Hayupo darasa lolote. Alikufa likizo, hospitalini. Alikuwa mke wangu. Nilikuwepo."

Alisema, akangoja. Alidhani labda sasa kifuani kitatikisika kitu. Hakikutikisika. Aliona watoto kadhaa wakilia, na wengine wakilia kwa sababu wenzao wanalia. Mapengo alishuka kitini, akaja kumshika suruali, akajifutia kamasi humo humo. Mtoto mmoja akauliza kama leo watavua samaki. Akasema watavua, na wakavua, wengine macho yakiwa bado yamelowa.

Kesho yake akaja mama mmoja, amejifunga mtandio kiunoni, mkali kama pilipili. "Mwanangu hajalala! Nani alikupa haki ya kumtajia mtoto kifo?" Mwalimu akamwomba radhi. Baada yake akaja baba mmoja, fundi baiskeli, mikono ina grisi. Alisema mwanawe alimuuliza maswali, naye akamjibu, na sasa nyumbani wanaweza kuongea hata kuhusu nyanya yake aliyekufa. Akashukuru. Mwalimu akampokea huyu na yule kwa sauti ile ile. Mwalimu mkuu alimkemea kwa kumruka, kisha akamshika mkono.

Aliyegoma ni Kibibi. Hakulia, hakuleta fujo. Alikunja mikono ndani ya sweta lake, basi. Kwenye kuruka haruki, kwenye kuvua havui. Mwalimu akamwita kando.

"Husomi siku hizi."

"Nisome niende wapi?"

Zamani angekuwa na jibu. Angesema elimu ni ufunguo wa maisha, angesema fikiria kesho yako. Alitafuta moja kati ya hayo akaona ni maneno ya kubandika ukutani.

"Sijui," akasema.

"Na wewe unakuja kufanya nini?"

"Kumekucha, nakuja."

Kibibi akalipima jibu hilo. "Hata mimi," akasema.

Akampa kazi ya kuuza duka, kwa kuwa muuzaji anakaa tu, wanaosoma ni wateja. Akakaa nyuma ya paketi zake siku hadi siku, kimya, anatoa bidhaa na kupokea vifuniko vya soda kama pesa. Mpaka ilipofika zamu ya Mapengo, aliyeinua paketi ya majani ya chai na kuisoma kwa kujiamini.

"Naomba chaki."

Kibibi akavumilia. Mteja wa pili akamwiga wa kwanza, naye akaomba chaki. Hapo subira ikamwishia.

"Chaki gani? Ki iko wapi hapo? Nionyeshe ki! Cha, i. Chai! Halafu tazama huku chini, ma-ja-ni bo-ra, we-ka mba-li na u-nye-vu. Hamna macho?"

Akaigeuza paketi, akasoma ubavu wake wote, mpaka mahali pa kufungulia. Kisha akachukua ile ya sabuni, kwa hasira ile ile. Mwalimu alikuwa amesimama pale na chaki mkononi. Hakumsifu, akiogopa kumshtua. Alijongea tu dirishani ili mwanga ufike mezani.

Mwisho wa mwaka wote walipanda, Mapengo kwa taabu kidogo. Mwalimu mpya akaletwa kweli, binti aliyetoka chuoni juzi, na mwalimu wa hesabu akaombwa amkabidhi chumba. Alimweleza kila kitu kwa utaratibu, kama mtu anayesoma risiti: kamba, vibanio, ndoo, duka. Binti akainua samaki mmoja wa karatasi, akamgeuza kwenye mwanga, akatazama magamba yaliyochorwa moja moja.

"Aliyekata hawa ana mkono mzuri jamani."

"Alikuwa nao," akasema mwalimu.

Akataka kuendelea na habari ya kadi. Sauti haikuja. Alijaribu tena, haikuja, akaomba radhi kwa mkono, akatoka hadi bomba la uwanjani, akalifungulia lote na kuingiza kichwa chini yake. Alikaa pale muda mrefu, ameshika ukuta, mabega yakimtikisika, na maji yakimwagika bure, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwaadhibia wanafunzi.

Aliporudi, shati lilikuwa limelowa hadi kiunoni. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamemfika kifuani, akamsogezea kiti cha pili. Mwalimu akakaa. Baada ya kitambo akavuta boksi la kadi, akaanza kumwonyesha zinavyopangwa.